Ng'ombe wasio na mchungaji: kisa cha zoezi la Kiingereza kuhusu mashamba ya Uingereza

Zoezi lenyewe lina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni tangazo kwa watu wanaopenda kutembea mashambani: mzunguko wa maili tano, kama kilomita nane, unaoanzia kwenye maegesho ya baa ya kijiji kimoja cha Uingereza na kuishia hapohapo. Msomaji anaelekezwa apite nyuma ya kanisa, akate malisho ya ng'ombe, avuke ua kwa ngazi fupi ya mbao, akatize shamba la ngano, kisha afuate barabara ya shamba mpaka arudi kijijini. Chini kuna maelekezo ya namna ya kuishi vizuri na mageti, mbwa, ng'ombe na mazao ya watu. Ukurasa wa pili una maswali kumi na matatu, mengi ya aina ile inayowatoa watu jasho: Kweli, Si kweli, Haikutajwa.

Mwanafunzi ninayemzungumzia ni fundi umeme wa miaka arobaini na kitu. Anajiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, mkondo wa General Training unaotumiwa na wengi wanaohamia nje, kwa sababu anataka kwenda Kanada. Kiingereza chake ni cha kazini lakini kimeshiba: anasoma miongozo ya mitambo bila kamusi na barua pepe zake zinaeleweka. Zaidi ya hayo amekulia kwa wafugaji mkoani Dodoma, amechunga tangu hajaanza shule hadi alipomaliza darasa la saba. Darasani kwetu hapa Dar es Salaam hakuna aliyemkaribia kwa kuwajua ng'ombe. Alikosa maswali saba. Vijana waliokulia Sinza na Kariakoo, ambao ng'ombe wanamfahamu akiwa supu, walimpita wote.

Kama angekosa kwa sababu ya Kiingereza kibovu nisingekuwa na cha kuandika. Lakini mtu anayejua zaidi kuhusu jambo lililoandikwa anaposhindwa na wasiolijua kabisa, kuna kitu zoezi linafanya ambacho hakionekani juu juu.

Jibu la haraka ni msamiati. Walimu wengi wa Kiingereza tungesema hivyo: maneno ya mashambani ni magumu, mpe orodha ya maneno arobaini ayakariri wiki nzima, arudi. Bahati nzuri huyu bwana ana tabia ya kuzungushia penseli kila neno asilolijua, kwa hiyo ushahidi ulikuwa mezani. Alizungushia "stile" (ile ngazi fupi ya mbao), "hedgerow" (ua wa miti), "waymark" (alama ya njia) na mengine machache. Nikalinganisha na maswali. Maswali yaliyotegemea maneno hayo aliyapata karibu yote! Hajawahi kusikia habari ya "stile" maishani mwake, lakini tangazo linasema uipande uingie malisho ya pili, naye akaona basi ni kitu cha kupandwa, akaendelea. Mtu anayesoma miongozo ya mitambo anajua kukisia. Maswali aliyokosa yalikuwa na maneno ya kidato cha kwanza: geti, mbwa, ng'ombe, njia, funga, acha. Hakuna hata neno moja humo alilozungushia penseli.

Orodha ya maneno arobaini isingemsaidia kitu.

Tuanze na swali la nne, linalohusu mageti. Tangazo linasema geti liachwe kama ulivyolikuta: lililokuwa wazi libaki wazi, lililofungwa ulifunge nyuma yako. Swali linadai kwamba watembeaji wanatakiwa kufunga kila geti wanalopita. Jibu ni Si kweli. Yeye aliandika Kweli, na nilipomuuliza hakusita. "Mwalimu, zizi haliachwi wazi. Ukilikuta wazi ujue kuna mtu amesahau."

Kwao Dodoma yuko sahihi kabisa. Zizi hufunguliwa asubuhi mifugo ikitoka, hufungwa jioni ikirudi, na katikati ya hapo mifugo iko na mtu. Geti la kwenye tangazo halina uhusiano na zizi. Liko kati ya malisho na malisho, na mara nyingi mkulima ameliacha wazi makusudi ili wanyama wafikie maji yaliyo upande wa pili. Mpita njia mwenye nia njema akilifunga, ng'ombe wanashinda na kiu siku ya joto. Kanuni hiyo haikubuniwa na mtunzi wa zoezi. Imo katika Countryside Code, mwongozo rasmi kwa watu wanaotembelea mashambani, uliotolewa mara ya kwanza 1951 na kuandikwa upya 2021.

Angalia alichokifanya msomaji wetu. Aliisoma sentensi, akaielewa, akaona haiingii akilini, akaisahihisha. Ni ustadi alioupata kazini, maana miongozo ya mitambo ina makosa ya uchapaji kila kona, na fundi anayefuata mchoro wenye kosa anaweza kupigwa shoti. Vijana wa Sinza hawakuwa na maoni yoyote kuhusu mageti, kwa hiyo waliichukua sentensi kama ilivyo na alama wakapata.

Swali la kumi na moja ndilo lililofungua kila kitu. Linasema mkulima atakuwapo malishoni asubuhi. Tangazo halina neno hata moja kuhusu alipo mkulima, kwa hiyo jibu ni Haikutajwa. Aliandika Kweli. Nikamwomba anionyeshe mstari. Akatafuta, akarudi nyuma, akatafuta tena, kisha akaweka kalamu chini.

"Sasa mwalimu, hawa ng'ombe nani anawachunga?"

Nikamwambia hakuna. Akacheka, akadhani natania.

Kwa mtu aliyechunga, sentensi inayosema ng'ombe thelathini wako malishoni imeshamtaja mtu, hata kama haikumtaja. Ng'ombe hawakai malishoni peke yao. Watakula mahindi ya jirani kabla ya saa nne asubuhi na kesi itakuwa kwa mtendaji wa kijiji kabla ya saa sita. Lakini mkulima wa Uingereza huwatoa ng'ombe mabandani majira ya baridi yakiisha, akawaingiza kwenye malisho yaliyozungushiwa ua, akaondoka. Hupita mara moja au mbili kwa siku kuwakagua, kisha anakwenda kwenye shughuli zake. Kule ua ndiye mchungaji. Maeneo mengi ua huo ni wa miti ya miiba iliyopandwa kwa mstari na kukatwa ikishonana, kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kuona nyumba yenye ua wa michongoma anaweza kukipata picha yake. Kaskazini, ambako miti haistawi vizuri na mawe ni mengi, hujenga kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani Waingereza nao walikuwa na malisho ya pamoja na wachungaji wa kijiji, na mtu maskini asiye na ardhi aliweza kulisha ng'ombe wake mmoja pamoja na wa wenzake. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lao lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kugawa na kuzungushia ua ardhi hizo, jumla ya ekari kama milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza yote, yaani England bila Wales wala Uskoti. Ua ulipopanda, mchungaji wa kijiji alikosa kazi. Mandhari ile ya kadi za posta, vipande vya kijani vilivyogawanywa kwa mistari ya miti, ambayo vitabu vya Kiingereza hupenda kuiita ya kale na ya utulivu, sehemu kubwa ni alama ya watu kufungiwa nje ya ardhi waliyokuwa wakiitumia. Vitabu vya mazoezi huwa havisemi hilo, na sioni sababu ya mwalimu kulificha. Wanafunzi wetu wanaijua migogoro ya wakulima na wafugaji. Wakisikia habari ya ua wanaamka.

Mtu akishaelewa kwamba ua unafanya kazi ya mchungaji, mambo mengi ya tangazo yanajipanga yenyewe. Geti ndiyo sehemu pekee ambapo mchungaji huyo anaweza kulegea, kwa hiyo lazima liwe na kanuni yake. Ngazi ya mbao ipo kwa sababu mtu anaweza kupanda na ng'ombe hawezi. Na tangazo lote limejaa maelekezo kwa mgeni kwa sababu hakuna mtu pale shambani wa kumwambia mgeni apite wapi.

Linabaki suala la ardhi, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kwingine.

Swali la sita linahusu barabara ya shamba. Tangazo linamwambia mtembeaji kwamba atakuta nguzo yenye vibao viwili: kimoja kinasema barabara ni ya binafsi, cha pili kinasema njia ya miguu ya umma. Anaambiwa aendelee mbele bila wasiwasi, kwani kibao cha kwanza kinahusu magari. Swali linadai kwamba mtembeaji anahitaji ruhusa ya mkulima. Jibu, Si kweli. Mwanafunzi wetu aliandika Kweli, na safari hii hakuwa peke yake. Nusu ya darasa walikosa, vijana wa mjini wakiwemo.

Hoja yao ilikuwa nzuri. Mali ni ya mtu au ni ya wote, haiwezi kuwa vyote viwili. Kijijini kwetu ardhi iko chini ya halmashauri ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema hivyo, na vijia vinavyokatiza mashamba watu wanavipita kwa mazoea. Mjini kiwanja kina ukuta na mlinzi, na kibao cha "private" maana yake ni geuka ulikotoka. Hakuna kati ya picha hizo mbili inayolingana na hali ya Uingereza, ambako shamba ni la mtu, hati anayo, anaweza kuliuza kesho, na bado kuna ukanda mwembamba unaopita katikati yake ambao kila mtu ana haki ya kuupita kwa miguu saa yoyote bila kumwomba mtu. Akiliuza shamba, haki ile inabaki. Mnunuzi ananunua ardhi pamoja na wapita njia.

Njia hizi si chache. Uingereza na Wales zina kama kilomita 225,000 za njia za umma za aina mbalimbali. Sheria ya 1949 iliyohusu hifadhi za taifa na haki ya kufika mashambani ndiyo iliyozitaka halmashauri za majimbo kuzichora kwenye ramani rasmi, na kuwamo kwa njia kwenye ramani hiyo ni ushahidi tosha mahakamani kwamba ipo. Sheria ya Barabara ya 1980 inaongeza jambo ambalo darasa lililizungumzia mpaka kipindi kikaisha: watu wakiipita njia kwa miaka 20 mfululizo bila kujificha, bila kutumia nguvu na bila kuomba ruhusa, inachukuliwa kwamba mwenye ardhi ameitoa kwa umma, isipokuwa aonyeshe kwamba hakukusudia hivyo. Ndiyo sababu baadhi ya wenye ardhi hufunga geti lao siku moja kwa mwaka au kuweka kibao cha kueleza kwamba hawatoi njia. Mmoja wa vijana wa Kariakoo alisema huko wenye ardhi lazima hawalali. Wengine wanalala. Wengine kweli hawalali.

Kwenye nguzo za njia kuna mishale midogo, ya njano kwa njia ya miguu tu, ya buluu kwa njia inayoruhusu pia farasi na baiskeli. Zoezi letu liliuliza swali moja juu ya rangi hizo na kila mtu alilipata, kwa sababu jibu lilikuwa mstarini na hakuna mtu mwenye mazoea ya rangi hizo ya kumpotosha.

Sasa ngano. Tangazo linasema njia inakatiza katikati ya shamba la ngano, na kwamba hata mazao yakiwa yamepanda mtembeaji aendelee moja kwa moja kwenye mstari uliosafishwa. Swali: ngano ikiwa ndefu, watembeaji wazunguke pembeni mwa shamba. Si kweli. Fundi wetu aliandika Kweli, na nilipomsomea mstari unaosema vingine alikunja uso. Hakuwa amekosa kuuona. Aliuona, akaukataa. Mtoto wa mkulima au wa mfugaji anafundishwa mapema kwamba shamba la mtu lililoota halikanyagwi. Ukilikuta mbele yako unazunguka, hata kama ni mbali. Kusoma sentensi inayomwamuru mgeni apite katikati ya ngano ya mtu kulimkwaza kama kusoma sentensi inayomwamuru asimwamkie mzee.

Ilibidi nimweleze upande wa mkulima. Sheria inamruhusu mkulima kulima juu ya njia inayokatiza shamba kama kuilima hakuepukiki kwa urahisi, lakini akiivuruga kwa ajili ya kupanda ana siku 14 kuirudisha ipitike na ionekane, na kila usumbufu utakaofuata saa 24. Njia ya miguu inayokatiza lazima abakize angalau upana wa mita moja usiooteshwa mazao. Njia ya pembeni mwa shamba haruhusiwi kuilima kabisa. Yaani ule mstari katikati ya ngano mkulima ameufyeka mwenyewe kwa sababu anatakiwa na sheria, na anayepita humo hakanyagi chochote. Anayezunguka pembeni kwa heshima ndiye anayekuwa mahali asipo na haki ya kuwepo.

Aliuliza kama mkulima anaweza kuifunga njia mifugo ikiumwa. Swali la mfugaji hilo. Kwa uamuzi wake mwenyewe hawezi, lakini mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipolipuka Uingereza, njia zilifungwa karibu nchi nzima kwa amri za mamlaka, na wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa. Ugonjwa huo anaujua kwa macho yake. Alikaa kimya kidogo kisha akauliza wafugaji walilipwa au hawakulipwa. Walilipwa, kwa wanyama walioamriwa kuchinjwa.

Swali la tisa nitalipita haraka. Tangazo linashauri kwamba ng'ombe wakikujia kwa kasi na una mbwa, mwachie mbwa. Wengi wanaona ni ukatili. Lakini ng'ombe wanamfuata mbwa, hasa wakiwa na ndama, na mbwa anakimbia kuliko ng'ombe. Anayemng'ang'ania mbwa ndiye anayekanyagwa, na watu wameuawa hivyo. Fundi alikosa hili kwa sababu hakuwahi kuishi na ng'ombe wasiozoea mtu wa kushinda nao. Nilipomweleza alilikubali mara moja, tena akaliongezea kwa kuwaeleza wenzake namna ya kumsoma ng'ombe jike mwenye ndama kabla hajaamua kukufuata.

Maelezo yake hayo ndiyo yaliyonipa njia ya kurudi kwenye karatasi. Kipindi kilichofuata sikugawa msamiati. Nilimwomba asimame mbele alieleze darasa kazi ya mchungaji kuanzia alfajiri mpaka magharibi, nami nikaandika ubaoni kila kazi aliyoitaja: kutoa mifugo, kuipeleka malishoni, kuinywesha, kuizuia isiingie mashamba ya watu, kukaa macho na fisi na wezi, kuihesabu jioni. Kisha darasa likatafuta kwenye tangazo ni nani au ni nini kinachofanya kazi hiyo kwenye shamba lile la Uingereza. Kunywesha likafutwa na geti lililoachwa wazi. Kuzuia kuingia mashambani likafutwa na ua. Kukaa macho na wageni likafutwa na vibao na maelekezo ya chini ya tangazo. Fisi hakupata mwenzake, ingawa kijana mmoja alipendekeza mbwa asiyefungwa kamba, na kusema kweli hakukosea: mbwa wa watalii wanaua kondoo kila mwaka, na sheria ya huko, katika mazingira fulani, inamkinga mkulima anayempiga risasi mbwa anayesumbua mifugo yake. Fundi akarudi kwenye kiti chake, akachukua karatasi yake ya zamani, akarekebisha majibu sita kati ya saba bila mimi kusema neno.

Kisa kingeweza kuishia hapo na kingekuwa kizuri mno. Wiki iliyofuata niliwapa zoezi la pili, aina ileile, mandhari yaleyale. Katikati ya kifungu mtembeaji anavuka malisho yenye ng'ombe wa maziwa, na swali moja linadai kwamba malishoni humo kuna fahali. Kifungu hakisemi lolote. Fundi aliandika Si kweli.

Na alikuwa na sababu, sababu niliyompa mimi. Tulipokuwa tukizungumzia njia niliwaeleza kwamba sheria yao ya wanyamapori na mashambani ya 1981 inakataza kuweka fahali wa zaidi ya miezi kumi kwenye malisho yanayokatizwa na njia ya umma kama fahali huyo ni wa aina za maziwa zilizotajwa. Humo kuna Ayrshire, Friesian, Holstein, Jersey, Guernsey, aina ambazo mfugaji wa Arusha au wa Kiambu anazitambua kwa mbali. Fahali wa aina nyingine anaruhusiwa mradi awe na majike. Fundi alilipenda jambo hilo kuliko yote, kwa kuwa anajua kwamba madume ya ng'ombe wa maziwa ni wakali kuliko yanavyoonekana. Sasa kifungu kina ng'ombe wa maziwa, kina njia ya umma, kwa hiyo fahali hawezi kuwapo. Hoja imenyooka. Jibu ni Haikutajwa.

Kwenye zoezi la kwanza alijibu kwa mazoea ya Dodoma. Kwenye la pili alijibu kwa sheria ya Uingereza. Karatasi ya mtihani haiulizi lolote kati ya hayo. Inauliza mwandishi wa kifungu hiki amesema nini. Kwa hiyo mwalimu ana kazi mbili zinazovutana. Bila habari ya ua na njia, msomaji makini ataisahihisha sentensi sahihi akidhani ina kosa. Akishapata habari hizo, ataanza kuzijaza kwenye mianya ambayo mwandishi ameiacha. Nimeona walimu wanaochagua upande mmoja: ama wanasema utamaduni hauna maana, soma maneno tu, ama wanageuza kipindi cha Kiingereza kuwa cha jiografia ya Uingereza. Mimi ningefundisha habari zenyewe, tena kwa kirefu, halafu nikaweka sharti moja gumu: Kweli na Si kweli haviandikwi mpaka kidole kiwe juu ya mstari. Kidole kikikosa pa kutua, ni Haikutajwa, hata kama unajua jibu, hata kama Bunge la Uingereza lenyewe linakuunga mkono.

Kwa anayetaka kutumia kisa hiki darasani kwake, aangalie kifungu chake kinazungumzia sehemu gani ya nchi ile. Haya niliyoyaeleza ni ya Uingereza na Wales. Uskoti wana sheria ya mwaka 2003 inayompa mtu haki ya kupita karibu kila mahali mradi asifanye uharibifu, kwa hiyo suala la mstari wa njia halina uzito uleule. Hata Uingereza yenyewe kuna nyika na milima ambako mtu anaweza kuacha njia akatembea atakako, haki iliyopatikana kwa sheria ya mwaka 2000 baada ya malalamiko marefu. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester, waliupanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umehifadhiwa ili matajiri wawinde ndege, na watano wao wakafungwa. Mwaka 1951 eneo hilo likawa sehemu ya hifadhi ya kwanza ya taifa ya nchi hiyo, Peak District. Kifungu kinachomtaja mtembeaji wa Kiingereza na viatu vyake vya matope kinabeba historia hiyo pia, na kinamjibu mwanafunzi anayeuliza, kama walivyouliza wangu, mtu mzima anatembea kilomita nane kurudi alikotoka ili iweje.

Fundi amekaribia kufanya mtihani. Sehemu ya kusoma ina maswali arobaini kwa saa moja, na kasi yake sasa inatosha. Lile swali la ngano nilimpa tena limefichwa katikati ya mengine, shamba likiwa la shayiri safari hii. Aliweka kidole mstarini, akaandika Si kweli, akapata alama. Kisha akaniambia kwamba siku akifika Uingereza kweli, akakuta shayiri ya mtu imesimama, atazunguka pembeni. Nikamkumbusha kwamba atakuwa amevamia. Akasema mwenye shamba akija wataelewana.